Simu Ukishaiuza, Iachie
KIBARAZANI, na Salma Kondo

Jumanne nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikaona fundi akitukanwa kwa kosa lisilo lake. Binti alileta simu ya bei mbaya, betri imechoka, adhuhuri haifiki. Fundi akachomoa betri kwenye simu ya aina ileile iliyopasuka kioo, betri ya kiwandani kabisa, akaipachika taratibu kwa kibanio, akafunga skrubu zile ndogo kama chembe za ufuta. Simu ikawaka. Mara likatokea onyo kwamba kifaa hiki hakitambuliki.

"Tapeli wewe! Umeniwekea feki!"

Watu wakajaa. Kijana wa watu akabaki anarudia, "Dada, hii orijino, simu ndiyo inaikataa." Binti akaondoka na betri mpya, pesa hakulipa.

Fundi alisema kweli. Zipo kampuni zinazofunga kifaa na simu moja kwa programu tangu kiwandani. Ukikihamishia kwingine, simu inagoma au inalalamika mpaka kampuni iridhie. Mtu ametoa mamilioni yake, halafu kubadili betri aombe ruhusa ng'ambo! Ni sawa na kuuziwa nyumba, muuzaji akabaki na ufunguo. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipiga marufuku mchezo huo kwa sheria ya mwaka 2024. Aggrey sheria hiyo haifiki.

Wasomaji wangu wa tufaha lililong'atwa, najua mmeshashika kalamu. Habari za kamera mlikwishaniandikia, zinatosha. Mimi ni mtu wa Android tangu zamani, na sababu ni moja: ilipoingia sokoni mwaka 2008, msimbo wake uliachwa wazi, kiwanda chochote kiuchukue. Ndiyo maana leo mama lishe na dereva wa bodaboda wana simu janja mkononi. Apple walibaki na simu zao na duka lao moja la programu, hadi Umoja wa Ulaya ulipowabana kwa sheria, wakaruhusu maduka mengine Machi 2024. Huko huko Ulaya. Sisi mlango wetu haukuguswa.

Sasa Google, wenye Android, nao wanafunga. Agosti 2025 walitangaza kwamba mtengenezaji wa programu lazima ajisajili kwao kwa utambulisho wake, hata kama programu yake haipiti kwenye duka lao. Wanaanza Septemba 2026 na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha dunia nzima kuanzia 2027. Wanasema wanapambana na matapeli. Baada ya kelele, wameahidi kuwaachia njia watumiaji wazoefu. Matapeli wapo, sibishi. Wanawaliza watu kila siku. Lakini kijana aliyeandika programu ya mahesabu ya kikundi chao cha kuweka na kukopa, akawatumia wenzake kwa WhatsApp, kwa nini akajieleze California? Uwazi waliutumia kulikamata soko, na soko likishakamatwa wanaupunguza. Huo ni usaliti, na sitafuti neno laini zaidi.

TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, wanaweza kuamua jambo. Juni 2016 walizima simu bandia nchi nzima, na waliolia walikuwa wanunuzi. Safari hii wawaite wauzaji wa simu halisi, wawaulize ni kwa haki gani wanaendelea kuitawala mali waliyokwisha kulipwa.