Mwepu Ilunga hakuwa mjinga

Kila Kombe la Dunia linapokaribia, video ile ile inarudi kwenye simu zetu. Ni tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi. Brazil wamepewa mpira wa adhabu dhidi ya Zaire. Refa anapiga filimbi, na kabla Mbrazil hajaugusa mpira, beki mmoja anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali. Anapewa kadi ya njano. Watu wanacheka.

Beki huyo ni Mwepu Ilunga wa TP Mazembe. Kwa miaka mingi huko Ulaya tendo lake lilitajwa kama ushahidi kwamba Waafrika walikwenda Kombe la Dunia bila kujua sheria za mpira. Hata hapa Likasi wako vijana wanaorushiana video hiyo kwa kicheko. Wakati umefika tuache.

Kabla ya kufariki mwezi Mei 2015, Mwepu alieleza mwenyewe mara kadhaa yaliyotokea. Sheria alizijua vizuri. Alifanya makusudi, akitamani hata kutolewa nje, kwa sababu hakuona kwa nini aumie uwanjani wakati waliokula fedha za wachezaji wamekaa jukwaani. Kwa maelezo yake, baada ya kufungwa 9-0 na Yugoslavia, watu wa Rais Mobutu waliwaambia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, hakuna atakayerudi nyumbani. Mechi ikaisha 3-0.

Na tujiulize kidogo. Klabu yake ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Miezi michache kabla ya safari hiyo, Zaire ilikuwa imetwaa Kombe la Afrika nchini Misri. Mtu wa namna hiyo atakosaje kujua mpira wa adhabu ni nini? Swali hilo halikuulizwa, kwa sababu waliocheka walikuwa na jibu tayari: ni mweusi, basi hajui.

Katika mechi ya Yugoslavia yalitokea mengine mabaya zaidi. Kwa maneno yake mwenyewe, Mwepu ndiye aliyempiga refa teke. Lakini kadi nyekundu alipewa Mulamba Ndaye, mfungaji wa mabao tisa katika Kombe la Afrika la mwaka huo. Ndaye alilalamika kuwa si yeye, haikusaidia kitu. Refa hakuweza kutofautisha mweusi mmoja na mwingine.

Wazee wa mji huu hawashangai. Ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, Mzungu alikuwa na mtaa wake na mweusi kambi yake, na mshahara haukuwa sawa hata pale jasho lilipotoka katika kiwanda kimoja. Jina lilibadilika mwaka 1966. Dharau haikuisha siku hiyo. Januari 2024, baada ya mechi na Morocco kule Ivory Coast, kapiteni wetu Chancel Mbemba alimiminiwa matusi ya rangi mtandaoni. Tulikasirika, na tulikuwa na haki.

Lakini hasira hiyo ina deni hapa nyumbani. Ndaye alikuwa mzaliwa wa Luluabourg, yaani Kananga ya leo. Mwepu alikuwa mchezaji wa Lubumbashi. Jezi yao ilikuwa moja. Refa aliwaona kuwa mtu mmoja kwa dharau; sisi hapa Likasi, miaka 18 baadaye, tulifanya kinyume chake, kwa dharau ile ile. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao. Walilala stesheni ya treni wakingoja mabehewa, wakiitwa bilulu, wadudu. Wengi walifia hapo na njiani. Waliowaita hivyo walikuwa majirani zao, wengine wafanyakazi wenzao wa Gécamines. Anayemwita jirani yake mdudu atadai nini kwa Mzungu anayemwita mchezaji wetu nyani?

Kwa hiyo tunasema mambo mawili. La kwanza, viongozi wa mpira, kuanzia shirikisho hadi klabu za mitaa ya Panda, Kikula na Shituru, wampe kila mchezaji mkataba ulioandikwa na walipe kilichoandikwa. Mwepu alitukanwa na wageni, lakini wa kwanza kumdharau walikuwa wakubwa wa nchi yake. Ndaye naye alipigwa risasi mguuni na majambazi mwaka 1994, akaishia uhamishoni Afrika Kusini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika, walisimama kimya dakika moja kumwombolezea wakati yuko hai. Ndivyo tulivyomtunza shujaa wetu.

La pili linatuhusu sisi mashabiki. Tusi la kabila likisikika jukwaani, anayekaa jirani asicheke. Amwambie mtukanaji anyamaze, na klabu imtoe nje, hata kama ni mwanachama wa siku nyingi.

Na ile video ikirudi tena kwenye simu yako, usiifute. Itume, lakini uandike chini yake kwamba yule mtu alikuwa anadai haki yake.