Hata Kiwanda cha Owino Uhuru Kilikuwa cha Risaiko

Wasee, hili neno "risaiko" linatupiga chenga. Likibandikwa kwenye kitu chochote, sisi tunapiga laiki bila kuuliza. Sasa limefika kwa wanakemia: kuna katalisti za unga zinazotumia mwanga na metali kuunda dawa na kemikali zingine, na sifa yao kubwa ni kwamba zinatumika tena na tena. Kusema ukweli, mimi nazipenda. Lakini sisi wa Changamwe na Jomvu tuna haki ya kuuliza maswali kabla ya makofi.

Katalisti, au kichocheo, huharakisha rieksheni na yenyewe haiishi. Unayo karibu hata: lile sega lililo kwenye ekzosti ya magari ya Japani, ambalo gereji zingine huling'oa kisirisiri na kuliuza, lina platinamu, paladiamu na rodiamu. Limekaa tu, moshi unapita.

Kwenye kutengeneza dawa, mara nyingi metali huyeyushwa ndani ya mchanganyiko, kama chumvi kwenye mchuzi. Kazi ikiisha, chumvi utaitoaje? Na lazima itoke, manake mgonjwa hafai kumeza paladiamu. Zile za kunasa mwanga nyingi zina iridiamu, metali adimu na ghali ajabu. Ikimwagwa, imeenda.

Katalisti ngumu ni kama kijiti cha mdalasini kwenye chai: ikiiva, unakitoa. Kuna unga wa manjano unaoitwa kaboni nitraidi. Unaweza kuupata kwa kuchoma yurea, ile ile mbolea ya mahindi, kwenye tanuri la nyuzi kama 550. Unga unanasa mwanga, nikeli iliyobandikwa juu yake inaunganisha molekuli. Halafu unachuja, unaosha, unarudia. Nikeli yenyewe ni rahisi kuliko iridiamu, tena mbali sana.

Sasa mbona naleta kiherehere? Kwa sababu kile kiwanda cha Owino Uhuru, pale Mikindani, nacho kilikuwa kinarisaiko. Kilikuwa kinayeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi. Watoto wakapatikana na risasi damuni, akiwemo mtoto wa Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo. Kilifungwa 2014, Omido akapata Tuzo ya Goldman 2015. Mwaka wa 2020 korti ikasema wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaupangua uamuzi 2023, Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Hesabu hiyo miaka. Na risasi haiozi, ikishaingia mchangani imekaa.

Kwa hivyo ukisikia katalisti "ya kurudiwa", uliza ni mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa bado inafanya kazi kama ya kwanza ama ilishachoka. Swali la pili ndilo wengi hulikwepa: metali ngapi ilibanduka? Unga unaweza kuonekana uleule kwa macho huku nikeli inavuja kidogo kidogo kila raundi. Yale maji ya kuoshea yapimwe, namba itolewe. Halafu watuambie yanamwagwa wapi, na nani anaishi hapo.