MIKSA YA STOO ISIUZWE KAMA CHUMA KIKUUKUU

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga, na naona ndivyo tulivyo hapa shuleni. Nyuma ya maabara, stooni, kuna miksa ya sauti ya zamani yenye njia nane pamoja na maikrofoni tatu. Yasemekana vyote vitauzwa muhula huu kwa wanunuzi wa vyuma. Ati vimekufa! Mimi napinga.

Havikufa, vililishwa vibaya. Miksa hiyo ni ya Marekani na mgongoni imeandikwa volti 120, ilhali umeme wa Kenya ni volti 240. Mwaka 2023 mtu aliichomeka ukutani moja kwa moja, ikanyamaza. Tangu siku hiyo inaitwa maiti. Fundi wa redio pale sokoni aliifungua mbele ya wanachama wetu akatuonyesha fyuzi iliyokatika na kapasita mbili zilizovimba. Basi! Fyuzi ilikatika ili transfoma isiungue, yaani ilifanya kazi yake. Inataka fyuzi ya kipimo kile kile (si kipande cha waya, jamani, kama tunavyoona mitaani), kapasita mpya, na transfoma ya nje ya kushusha 240 iwe 120. Kapasita zikizeeka hukauka ndani, na ndizo huleta ule mvumo unaoudhi kwenye spika. Lakini sisi wanafunzi tusiziguse, kwani huweza kuhifadhi umeme hata plagi ikiwa imetolewa. Jambo jingine: transfoma hushusha volti tu, haibadilishi mizunguko. Yetu ni 50 kwa sekunde, ya Marekani ni 60, kwa hivyo miksa itapata joto zaidi kidogo. Isiachwe ikiwaka usiku kucha.

Sasa kuna wenzetu wa kidato cha nne wanaotaka itobolewe na kuongezewa umeme wa volti 48 ndani. Najua sababu yao. Moja ya zile maikrofoni ni ya kondensa, nayo haisemi bila kupewa umeme kupitia waya wake. Volti 48 zina hadithi yake: mwaka 1966 kampuni ya Neumann ya Ujerumani iliiundia redio ya taifa ya Norwei maikrofoni ya KM 84, na kwa kuwa studio za huko tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura, ukatumiwa huo huo. Ulimwengu mzima ukafuata.

Hata hivyo, kutoboa nakataa. Maikrofoni ya pili ni ya kawaida, haijali. Ya tatu ni ya utepe, na utepe wenyewe ni wa alumini nyembamba kuliko karatasi. Waya ukiwa na hitilafu, umeme huo waweza kuukata mara moja. Kuna visanduku vya nje vya volti 48. Tukinunua kimoja, kondensa peke yake italishwa, na miksa itabaki ilivyoundwa. Tundu likishatobolewa halirudi.

Wengine watasema simu zatosha. Hebu rekodi ngoma, mwimbaji na waitikiaji kwa simu moja uone: ngoma itammeza mwimbaji, na baadaye huwezi kumtoa humo. Kwa miksa, kila mmoja ana maikrofoni yake na kila sauti hupimwa kabla ya kurekodiwa.

Na si mchezo tunaotaka kurekodi. Mwaka jana chama chetu kiliandika majina ya wazee watano wa hapa wanaojua nyimbo za mavuno na mazishi. Wawili wamekwisha kufariki, na hatuna hata ubeti mmoja wa sauti zao. Mmoja kati ya waliobaki haoni tena, ila anaimba.

Fundi amesema atahitaji wiki moja. Nawaomba walimu wetu waahirishe uuzaji huo hadi wiki hiyo ipite.