Mpira wa mzamiaji uangaliwe
Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, waliunda regulata inayompa mzamiaji hewa ya mtungi pale tu anapovuta pumzi. Gagnan alianzia kwenye regulata ya gesi ya magari, ndugu wa hiyo iliyofungwa kwenye mtungi wa jikoni kwako. Ukiipata leo ile ya zamani yenye mipira miwili, mmoja wa kuleta hewa na mwingine wa kuirudisha nyuma ya kisogo, shaba yake itatakata kwa siki na mswaki. Kazi iko kwenye mpira: kiwambo kinachofungulia hewa kimekakamaa, na nyufa zimejificha kwenye mikunjo, huzioni mpaka uivute kwa mikono miwili. Hapo hakuna gundi, ni kubadilisha. Ziwa letu hapa Mwanza halina chumvi, kwa hiyo ni rahisi kudhani kifaa kitadumu; lakini mpira huzeeka hata kabatini. Sisi wa Mwanza tunajua thamani ya mzamiaji. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, 20 Septemba 2018, wazamiaji walimtoa mhandisi wake akiwa hai baada ya siku mbili. Anayeingia kwenye giza la chombo kilichozama, uhai wake umeshikwa na kiwambo chembamba. Chuo cha uvuvi tunacho hapa hapa Nyegezi. Wakufunzi, wekeni regulata kuukuu mezani, vijana waifungue wenyewe, wakijue kila kipande chake kabla hawajazama nayo.