Kabla ya Mkesha, Futeni Programu ya Kubeti

Wapendwa wa usharika wa nyumbani,

Huku Leeds, Uingereza, tu wazima, ila majira haya jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na anayefanya zamu ya usiku anaweza kumaliza wiki hajaliona.

Ujumbe wa katibu wa kwaya umefika: mnachangishana kwa ajili ya mkesha wa kuvunja roho ya kubeti kwa vijana wetu. Mchango wangu umeshafika. Sasa mnivumilie, maana kwetu aliyechanga hanyimwi kusema.

Mkesha sina ugomvi nao. Ninachokiogopa ni asubuhi yake. Kijana atatoka kanisani alfajiri, macho mekundu, moyo mwepesi, simu mfukoni. Humo kwenye simu mna nauli na ada ya mdogo wake, mna programu ya kubeti, na mna ujumbe wa ofa ulioingia wakati yeye akiomba. Saa nne mkeka wake wa kubeti umeshasukwa. Jioni ukichanika, tutasema roho hiyo ni sugu, tuongeze siku za kufunga.

Someni tena habari za Daudi katika Samweli wa Pili sura ya 11. Wahubiri wetu wengi huanzia pale Bathsheba anapooga. Biblia haianzii hapo. Inaanza kwa kutueleza kwamba yalikuwa majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, Daudi akamtuma Yoabu na jeshi, yeye akabaki Yerusalemu. Halafu jioni anaondoka kitandani, anatembeatembea juu ya dari ya jumba lake. Huyu ndiye aliyemwangusha Goliathi, huyu ndiye mtunga zaburi. Nguvu alikuwa nazo na kuomba alijua. Hakuwa tu mahali alipopaswa kuwa. Alipomwona yule mwanamke, nusu ya dhambi ilikuwa imeshaandaliwa na uvivu wa siku zilizotangulia.

Yusufu je? Mwanzoni alimjibu mke wa Potifa kwa hoja, na hoja zake zilikuwa nzuri. Akakataa hata kukaa naye karibu. Siku aliposhikwa vazi hakutoa hoja tena, aliliacha mkononi mwa mama yule akakimbia. Kukimbia huko kulimfikisha gerezani, jambo ambalo hatuwaambii sana wanakipaimara wetu. Na katika Sala ya Bwana, tunayoisali kila Jumapili huku tukiwaza chakula cha mchana, hatuombi tupewe ngumi za kupigana na jaribu. Tunaomba tusifikishwe huko.

Sitaki kuwadanganya kuhusu nchi hii. Makanisa mengi huku yamebaki na wazee wachache, na maduka ya kubeti hayakosekani mitaani. Lakini katika jambo hili watu wa huku wameitendea kazi akili ya Yusufu kutuzidi. Tangu Aprili 2020 ni marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo. Iko pia huduma iitwayo GAMSTOP: mtu anajiandikisha mwenyewe, anachagua miezi sita, mwaka mmoja au mitano, na kampuni za kubeti mtandaoni zenye leseni ya huku zinalazimika kumfungia mlango. Akibadili mawazo siku ya tatu na kuomba afunguliwe, hafunguliwi mpaka muda aliouchagua uishe. Anajifunga akiwa na akili timamu kwa sababu anajua saa inakuja ambapo akili hiyo haitakuwapo.

Na tukija kwenye mpira: zile jezi mlizovaa kwenye picha za sikukuu ya mavuno, kadhaa zina jina la kampuni ya kubeti kifuani. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zenyewe zilikubaliana mwaka 2023 kuyaondoa majina hayo mbele ya jezi kuanzia msimu wa 2026/27. Sisi tunasimama nayo madhabahuni tukiimba.

Msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Mama zetu wa vikoba wanayajua zamani. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wanachama wamekaa. Sijasikia mweka hazina akilalamika kwamba kufuli zile zinamtukana. Kila mama pale anajua kwamba njaa ya mtoto ikigonga usiku, hata mcha Mungu hupiga hesabu ya kukopa kidogo na kurudisha kesho. Kwa hiyo hawamwachi mwenzao peke yake na sanduku. Hiyo kwangu ni teolojia safi kuliko mahubiri mengi niliyosikia juu ya majaribu.

Tena kuna jambo ambalo sisi wa huku tumelijua mapema. Nyumbani ukitoka baa, shangazi amekuona, mzee wa kanisa amesikia. Huku hakuna anayejua jina lako. Wengi wetu tuligundua kwamba sehemu kubwa ya tulichokiita maadili yetu ilikuwa macho ya majirani. Simu imewaletea upweke huo huo hapo hapo nyumbani. Kijana aliyelala chumba kimoja na kaka zake, shuka usoni, akitazama kindege cha mchezo wa kubeti kikipaa, yuko ughaibuni kama mimi. Shangazi hamwoni.

Wazee wetu walikuwa na dawa ya upweke wa namna hiyo. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kufika kwetu upande wa Bukoba, uliwafundisha kukutana na kusema wazi kilichowashinda, na aliyeiba akarudisha. Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alitoka katika uamsho huo. Najua ilivyoharibika baadaye: maungamo yakawa umbea, ya jioni yakafika kisimani asubuhi. Ndiyo maana nasema wawe wawili au watatu wanaoaminiana, si usharika mzima na kipaza sauti.

Kwa hiyo ombi langu kwa kamati ya mkesha. Kabla ya sala ya kwanza, vijana wakae wawili wawili, kila mmoja afute programu hizo mwenzake akitazama. Wenye madeni ya kubeti wayataje kwa hao wenzao, si kwa mhubiri mgeni. Mwenye mshahara au fedha za biashara, kwa miezi michache amkabidhi mkewe, mama yake au dada yake kadi na namba ya siri. Kisha ombeni mpaka kuche, nami nitaomba pamoja nanyi nikiwa zamu.

Na ile fedha ya mabati ya kanisa ambayo sisi wa huku tumeahidi, tutaiweka kwenye akaunti ya usharika yenye saini tatu. Haitapita kwenye simu ya mtu mmoja, awe mwinjilisti, awe mzee wa kanisa, awe kaka yangu wa kuzaliwa naye.