Kabla Msichana Hajabisha Hodi

Akina mama wenzetu, tunajuana. Siku moja ya juma ni ya umoja wa akina mama kanisani, nyingine ni ya kikoba. Msiba ukitokea tunapangana zamu za kuchota maji na kupika, na harusi ikikaribia daftari la michango linapita nyumba hadi nyumba. Mwanamke wa Tarime au wa Serengeti hana haja ya kufundishwa maana ya kujitolea. Lakini kuna daftari moja ambalo majina yetu ni haba, nalo ni lile la wajumbe wa kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto.

Je, mama, unaijua kamati hiyo? Iliagizwa na Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ule unaoitwa kwa kifupi MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017. Kamati ziundwe, ulisema mpango huo, kuanzia mkoani na halmashauri hadi kwenye kata na kijiji. Miaka mitano yake ilipokwisha, mpango wa pili ulizinduliwa mwaka 2024, na kamati zimebaki. Kwenye karatasi, basi, kijiji chako kinayo. Mwulize mtendaji, atakutajia wajumbe. Mwulize tena walikutana lini mara ya mwisho, uone kama hataanza kutafuta kalamu mezani. Hatusemi hivyo kwa dharau. Watendaji wetu wana kazi nyingi na mafuta ya pikipiki hakuna. Tunasema hivyo kwa sababu kamati iliyolala haiamki yenyewe usiku wa manane msichana anapobisha hodi.

Wasomaji walio mbali na Mara watatusamehe tukieleza kidogo. Katika koo nyingi za Wakurya, msimu wa kukeketa wasichana huangukia mwaka wa shufwa, shule zikishafungwa mwezi Desemba. Wazee wa mila hukaa, huamua, na neno hushuka kwa familia. Kampeni ya siku kumi na sita za kupinga ukatili, ile yenye maandamano na fulana, huanza Novemba 25 na kwisha Desemba 10. Hotuba zinapokoma ndipo hatari yenyewe inapochanganya. Tena siku hizi, kwa kuwa polisi nao wanaijua kalenda, wapo wanaokeketa kwa siri nje ya msimu, usiku, bila ngoma wala vigelegele.

Hali inabadilika, tusiikatae neema hiyo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba wanawake 32 katika kila 100 wa Mkoa wa Mara, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 28. Lakini hiyo ni hesabu ya mkoa mzima, pamoja na jamii zisizokeketa kabisa. Ukiingia katika vijiji vya Tarime na sehemu za Serengeti, hesabu ni nyingine.

Sisi tunaofanya kazi katika wodi ya wazazi hatuhitaji hesabu ili kuamini. Kovu halinyumbuki. Mama anasukuma, mtoto yuko tayari, na pale palipopaswa kupanuka panachanika. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wa wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliokeketwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupasuliwa, ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na ya kumpoteza mtoto. Damu inayotoka siku ya kukeketwa, pepopunda, mkojo kuziba, hayo mnayajua. Tuyaache hapo, maana leo hatukukusudia kuzungumzia wodi.

Tumekusudia kuzungumzia njia ya mguu.

Msichana wa miaka kumi na miwili amesikia bibi yake akipanga. Mama yake yuko kimya, pengine kwa hofu, pengine kwa kukubali. Anajua kwamba kuna nyumba salama. Redio imesema, mwalimu amesema. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ipo nyumba iliyofunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana. Bi. Rhobi Samwelly, aliyekuwa akiiongoza, yeye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13 na nusura afe kwa kutokwa damu. Mwaka 2017 aliunda shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba za hifadhi Mugumu na Butiama. Wilayani Tarime kuna kituo cha Masanga, kinachopokea wasichana wengi msimu unapofika. Lakini Mugumu ni mbali kwa miguu ya mtoto, na usiku una fisi na una watu. Yule binti hakimbilii Mugumu. Anakimbilia mlango wa kwanza ambao anaamini hautamrudisha. Swali ni kama katika kitongoji chenu mlango huo upo, na kama wasichana wanaujua kabla ya Desemba.

Mlango huo, akina mama, mara nyingi ni wa mwanamke wa kawaida aliyejitolea. Shirika la Bi. Rhobi lililiona hilo, likafundisha wawakilishi wa kujitolea vijijini na kuwapa simu za kutolea taarifa, ili habari ya msichana aliye hatarini ifike siku ileile. Kulikuwa na kikwazo kimoja ambacho wengi hawakukifikiria: vijiji vyenyewe havikuwamo kwenye ramani. Polisi wakiambiwa kitongoji fulani, nyuma ya mlima fulani, gari lilikuwa likizunguka gizani. Tangu mwaka 2015, kazi ya ramani inayoitwa Crowd2Map imewakusanya watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Hukaa na kompyuta zao wakachora barabara na nyumba kutoka kwenye picha zilizopigwa na setilaiti, na wenyeji huku huongeza majina ya vitongoji, shule na zahanati. Mtu wa ng'ambo anaweza kuchora njia. Hawezi kujua kwamba njia ile inapita nyuma ya boma la mzee wa mila, wala kwamba mama wa nyumba ya tatu ana moyo. Hayo unayajua wewe uliyezaliwa au kuolewa hapo.

Basi kujitolea huku ni kufanya nini hasa? Tuseme bila kupamba. Msichana akifika, mpe maji, chakula, na mahali pa kulala. Usimhoji mbele ya watoto. Usiku huohuo, au alfajiri ikibidi, taarifa imfikie mtendaji wa kijiji, ofisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya simu ya watoto hupigwa bila malipo. Usimfiche kwako wiki nzima hata ukimpenda namna gani, maana baba yake atakuja na ndugu zake, na wewe utaonekana mwizi wa mtoto. Na tafadhali, habari ile isitajwe kwenye maombi ya Alhamisi wala kwenye kikoba. Tunaombeana, ndiyo. Lakini tunajua jinsi ombi linavyotoka kanisani likiwa habari na kufika kisimani kabla ya jua kuzama.

Ukiulizwa kwa mamlaka gani, jibu lipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Huo ni wajibu, hakuna anayeingilia nyumba ya mtu. Nayo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa, adhabu ikiwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Faini hiyo leo hainunui ng'ombe mzuri mnadani, na kwa maoni yetu ni aibu. Aliyetimiza miaka 18 sheria hiyo haimtaji, ndiyo maana bibi harusi ambaye hakukeketwa hubaki peke yake mbele ya ukoo wa mume. Huyo naye anahitaji jirani.

Jambo ambalo watu hulisahau ni siku za baada ya msimu. Januari shule zinafunguliwa, na nyumba za hifadhi huwaita wazazi, pamoja na polisi na ustawi wa jamii, wakae wazungumze. Wazazi wengi hukubali, hutia sahihi kwamba mtoto hatakeketwa, na mtoto hurudi nyumbani. Wengine hukataa, na mabinti wao hubaki kule wakisoma au wakijifunza cherehani. Sasa yule aliyerudi, nani anamwangalia? Gari la shirika haliwezi kupita kila wiki katika kila kitongoji. Wenzake wanamwita omosagane, jina la msichana ambaye hakukeketwa, na husemwa kwa namna ya kuuma. Baba anahesabu ng'ombe wa mahari anaodhani amewapoteza. Hapa ndipo tunapoamini mwanamke wa kanisani ana kazi ambayo hakuna ofisi inayoiweza. Kupita na kuomba moto. Kumwuliza binti habari za hesabu za darasani. Kukaa na mama yake wakipukuchua mahindi, mpaka siku moja aseme mwenyewe kwamba shangazi amekuja tena na maneno yale. Kazi hii haina picha ya kupigwa wala posho, na haimalizwi kwa semina ya siku mbili. Ingekuwa juu yetu, tungeacha nusu ya semina na kununua viatu vya mvua kwa akina mama wanaotembelea.

Fedha? Kikoba chenu kina mfuko wa jamii, ule wa ugonjwa na msiba. Kubalianeni kwenye kikao, na muandike kwenye katiba yenu, kwamba nauli ya kumpeleka msichana Mugumu au Masanga, pamoja na mtu mzima wa kumsindikiza, ni dharura kama ugonjwa. Mkiliandika mapema, wenye funguo tatu za sanduku hawatabishana usiku huo.

Tunajua kinachowazuia wengi. Mume atasema, "Unaniletea vita na ukoo." Mama mkwe atakumbusha laana ya wazee. Hatuwezi kukuambia kwamba ni maneno matupu, maana wapo waliotengwa na majirani kwa mwaka mzima. Tunachoshauri ni hiki: usiende peke yako. Kamati ikiwa na mama mmoja, ukoo unamjua wa kumtisha. Ikiwa na akina mama wanne wa koo mbalimbali na makanisa mbalimbali, Mkatoliki, Mmenonite, Msabato, Mwanglikana, na wa msikitini naye, vitisho vinakosa pa kushika. Hili la kuchanganyika linatushinda kuliko tunavyopenda kukiri. Kila umoja unataka bendera yake mbele siku ya Machi 8, kitenge chake na kwaya yake. Na mume mwambie kabla hujajiandikisha, si baada. Tumewaona wanaume waliogoma mwanzoni na ambao sasa ndio wanaowasha pikipiki.

Walio karibu na Sirari wana jambo la ziada. Kenya ilipiga marufuku ukeketaji kwa sheria yake ya mwaka 2011, na tangu hapo wasichana wa upande ule wamekuwa wakivushwa kuletwa kwetu, na wa kwetu kupelekwa kule, kulingana na wapi pamelegea. Serikali za nchi tano, yetu ikiwemo, zilikutana Mombasa Aprili 2019 zikakubaliana kushirikiana mipakani. Lakini anayeona mgeni wa miaka kumi amefika kwa jirani wiki ya kwanza ya Desemba ni mama wa nyumba inayofuata.

Kuingia katika kamati hakuhitaji cheti. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 ana haki ya kuhudhuria, hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Tangazo lake hubandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji au kwenye mti wa sokoni. Nendeni wawili au watatu, mkakae mbele. Ulizeni wajumbe wa kamati ni akina nani, wamekutana mara ngapi mwaka huu, na kama kuna nafasi. Swali hilo halitawekwa kwenye ajenda. Litaingia kwenye mengineyo, mwishoni kabisa, wanaume wengi wakiwa wameshaanza kusimama na kukung'uta suruali. Msiondoke kabla ya hapo.