Kitambi cha Arabuni si Dalili ya Neema

Katika mitaa yetu ya Mombasa, tangu Kibokoni hadi Majengo, kijana akirudi kutoka Uarabuni kwa likizo hutazamwa vitu viwili: masanduku yake na mwili wake. Masanduku yakiwa mazito na mwili ukiwa mnene, watu husema, "Mashaallah, fulani kanawiri, mambo yamemnyokea." Akirudi mwembamba, hata awe na masanduku kumi, minong'ono haikosi barazani. Mimi nimerudi kwa namna zote mbili, mara ya kwanza mnene na mara ya pili mwembamba, na niliyoyaona mara hizo mbili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Niliondoka nyumbani mwaka 2011 kwenda Dubai, uzani wangu ukiwa kilo 71. Kazi yangu ilikuwa ukarani katika bohari moja upande wa Deira. Nilikaa kitini tangu saa mbili za asubuhi mpaka saa moja za usiku, na gari la kazini lilinichukua mlangoni na kunirudisha mlangoni. Chumbani tulikuwa watu sita: wawili wa Mombasa, mmoja wa Lamu, mmoja wa Unguja na Wahindi wawili wa Kerala. Kutembea kwa miguu kulikuwa jambo la kusahauliwa. Katika miezi ya Juni mpaka Septemba joto la huko hupita nyuzi 40, hata serikali yenyewe hukataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa za mchana katika kipindi hicho. Basi mtu hutoka kwenye baridi ya kazini akaingia kwenye baridi ya gari, kisha akaingia kwenye baridi ya chumbani, na siku yake ikaisha.

Ama kwa upande wa chakula, wasomaji waliokaa huko watanielewa upesi. Chai ya karaki, iliyopikwa kwa maziwa ya kopo na sukari nyingi, huuzwa kila pembe kwa bei ndogo, na karani asiye na la kumchangamsha huagiza moja baada ya moja. Usiku ni parota na mchuzi uliojaa mafuta. Ijumaa baada ya sala ni sinia la mandi, watu sita wakilizunguka, na hapana anayejua amekula kiasi gani maana wali ni mmoja na mikono ni mingi.

Lakini nisisingizie chakula peke yake. Kilichonilisha zaidi ni upweke. Mtu aliye mbali na wazazi wake, mkewe na wanawe, hana baraza ya kukaa wala maulidi ya kuhudhuria na jamaa zake. Jioni hujiliwaza kwa sahani. Kila Ijumaa mamangu alinipigia simu, na swali lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Umekula, mwanangu?" Nami nilijibu kwa furaha kwamba nimekula. Hilo lilikuwa jambo moja ambalo ningeweza kumfurahisha nalo kila juma, hata mwezi ambao sikuwa na fedha za kumpelekea.

Mwaka 2013 nilirudi likizo nikiwa na kilo 88. Ndugu wasomaji, sijawahi kusifiwa namna ile. Mashangazi walinishika mashavu. Wazee wa msikitini waliniombea dua nizidi. Mamangu alisema, "Alhamdulillahi, mwanangu kashiba." Hapana hata mmoja aliyeona kwamba nilipopanda ngazi za nyumba yetu, ngazi ambazo nilizikimbia nilipokuwa mtoto, nilisimama katikati nikitweta.

Linalonishangaza mpaka leo ni kwamba watu hao ndio waliomwuguza marehemu babangu. Babangu alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, akakatwa mguu, na hakuishi miaka miwili baada ya hapo. Mikono iliyokiosha kidonda chake kila asubuhi ndiyo iliyopiga makofi kwa kitambi changu. Hatukuyaunganisha mambo hayo mawili. Ugonjwa wa baba tuliuita kudura, na unene wa mwana tuliuita neema.

Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 2013, katika mwezi wa Ramadhani, baladia ya Dubai ilitangaza mpango wa kuwapa watu dhahabu kwa uzani watakaoupunguza, mradi mtu apungue si chini ya kilo 2. Chumbani tulicheka sana. Lakini nikifikiri sasa naona kwamba mji ule ulikuwa tayari kulipa dhahabu ili kitoke kitu ambacho sisi huku tunakishangilia bure. Mwaka 2017 nchi hiyo iliongeza kodi ya asilimia 50 juu ya vinywaji vya soda, na asilimia 100 juu ya vile vinavyoitwa vya kuongeza nguvu. Wenyeji wamekwisha kuiona hatari. Sisi wageni wao ndio tuliokuwa tukiirudisha nyumbani kama zawadi.

Mapema mwaka 2015 kiu ilinizidi na usiku nikawa naamka mara kwa mara kwenda haja ndogo. Nilikwenda kwa daktari nikiwa na kilo 96. Alinipima damu akaniambia kwamba sukari imepanda, ila bado haijawa ugonjwa, nimesimama ukingoni. Kisha akanieleza habari iliyonipa moyo. Katika uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2002, watu 3,234 waliokuwa ukingoni kama mimi waligawanywa mafungu. Fungu moja lilipewa shabaha ya kupunguza asilimia 7 tu ya uzani na kufanya mazoezi kama kutembea kwa dakika 150 kila wiki. Katika muda wa miaka kama mitatu, ugonjwa wa sukari ulipungua kwa asilimia 58 katika fungu hilo, ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa yenyewe ya sukari walipata nafuu ya asilimia 31. Miguu, basi, ilishinda vidonge.

Nilipiga hesabu. Asilimia 7 ya kilo 96 haifiki hata kilo 7. Nikasema, hilo laweza kunishinda kweli?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi karani nilikuwa na daftari la kila kitu ila mwili wangu. Nikanunua daftari la shule nikaanza kuandika kila kitu nilichokula na kunywa. Siku ya kwanza tu nilitaka kulificha. Vikombe saba vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ndivyo vijiko 21 kwa siku, na hapo sijatia soda wala halua. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilisema kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi kiasi cha vijiko sita vya chai kwa siku. Mimi nilikuwa nikinywa zaidi ya mara tatu ya hapo bila kutafuna chochote.

Sikuacha chai. Nilipunguza kijiko kimoja kwa kila kikombe, baada ya mwezi kijiko kingine, na vikombe vyenyewe nikavirudisha hadi vitatu. Gari la kazini niliacha kulipanda jioni nikawa narudi kwa treni, nikishuka kituo kimoja kabla ya changu na kumaliza safari kwa miguu. Wakati wa joto kali nilitembea ndani ya maduka makubwa yenye baridi, nusu saa, siku tano kwa wiki, bila kununua kitu. Wali niliendelea kuula, lakini kachumbari, samaki na mboga vilitangulia.

Lililonipa taabu lilikuwa sinia. Kujitenga na sahani yangu peke yangu kungewaudhi wenzangu, maana sinia moja ndilo lililotufanya ndugu katika nchi ya watu. Mwisho nilikumbuka adabu niliyofundishwa chuoni na maalimu wangu, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifunza mtu ale kilicho mbele yake, na kwamba tumbo ligawanywe mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Sote tulifundishwa hayo tukiwa wadogo. Kumbe sinia lina kipimo chake, sisi ndio tuliokisahau. Nilikaa na wenzangu, nikala kilicho mbele yangu, kilipokwisha nikanawa mikono nikaendelea kuzungumza nao.

Hata Ramadhani nilijifunza upya. Miaka iliyopita nilifunga mchana na kulipiza usiku, tangu magharibi mpaka daku, na Idi ilinikuta nimezidi. Mwaka ule nilifuturu kwa tende na maji, nikasali, kisha nikala mara moja kama mtu mwenye akili. Hapa nitanabahishe: mgonjwa wa sukari anayetumia dawa asijifungie tu kwa kusoma maneno yangu. Amwone daktari wake kwanza.

Baada ya miezi 14 nilikuwa na kilo 80. Ni zaidi kidogo ya kilo moja kwa mwezi, mwendo wa kobe. Wenzangu waliotumia majani ya kukondesha walipungua upesi kuliko mimi, lakini majani yale huendesha tumbo tu. Kinachotoka ni maji, na mtu akinywa maji uzani humrudia.

Nilirudi nyumbani mwaka 2016 nikiwa na raha kuliko siku zote. Mamangu aliponiona mlangoni alitupa mtandio akalia. "Mwanangu, una nini? Mbona umekwisha hivyo?" Siku ya pili jirani alileta kombe ninywe. Mwingine alimwuliza ndugu yangu kwa siri kama nimefukuzwa kazi. Na wapo walionong'ona juu ya ugonjwa ule ambao kwa miaka mingi kila aliyekonda huku pwani alisingiziwa. Harusi ya dadangu ilikuwa wiki mbili mbele, na mama alikuwa akiniandalia mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai alasiri na biriani usiku, ili ninenepe kabla watu hawajakusanyika. "Watu watasema nini?" ndilo lililokuwa neno lake.

Usiku mmoja nililifungua daftari langu nikamsomea, mwezi baada ya mwezi, na namba za sukari alizoziandika daktari pembeni. Mwanzo hakutaka kusikia. Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba sukari imerudi mahali pake, aliuliza, "Na babako, yeye alianzia wapi?" Nikamwambia kwamba huenda alianzia pale pale nilipokuwa mimi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Lau angaliambiwa." Asubuhi yake nilipewa chai kavu na tende mbili, na hakuniuliza tena kuhusu harusi.

Najua wako watakaosema kwamba haya ni mapenzi ya Kizungu ya kutaka watu wawe kama mifupa. La hasha. Kilo 80 kwa mtu wa kimo changu si mifupa. Wala sitaki tugeuze kibao tuanze kusifu wembamba. Wako vijana wetu wanaobeba mizigo juani Uarabuni na kukonda kwa taabu na kwa kukosa malipo yao, na wembamba huo ni wa kuliliwa. Ninalosema ni kwamba mwili wa mtu hauwezi kusomwa kwa macho ya barazani. Mnene huenda anaumwa na mwembamba huenda ni mzima, na kinyume chake pia.

Mimi sasa nimerudi kwetu moja kwa moja. Baada ya sala ya alfajiri huteremka kwa miguu mpaka ufukwe wa Mama Ngina, na huko hukutana na wengi, wazee kwa vijana, wake kwa waume, wanaotembea kando ya bahari kabla jua halijapanda. Si jambo la kigeni, wala haligharimu hata senti.

Ombi langu kwa wazazi na jirani ni dogo. Kijana wenu akiteremka na masanduku yake, msimpime kwa tumbo lake. Mwulizeni amelala vipi, anatembea vipi, amepimwa sukari lini. Na kina mama wanaopiga simu siku ya Ijumaa, wakisha kuuliza kama mwana amekula, wamwulize pia amekula nini.